Siku Mjomba Alipowasemea Akina Mama wa Kidunge

Kidunge ni kitongoji kilichoning'inia juu ya Bigwa, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Nyumba zake zimekaa mbalimbali, kila moja kwenye bega lake la mlima katikati ya migomba, kiasi kwamba ukitaka kuazima chumvi kwa jirani unashuka bonde na kupanda tena, na ukifika umeshasahau ulichofuata. Ndiyo maana watu wa huko huongea kwa kuitana. Na katika waitaji wote wa Kidunge, hakuna anayemfikia Chausiku.

Kabla jua halijagusa vilele vya Uluguru, Chausiku hutoka uani na kanga mabegani, hukohoa kidogo, kisha huachia: "Tunashukaaa." Basi, neno hilo tu. Ng'ambo ya bonde Rosa anaitika. Juu migombani Maimuna naye anaitika, na kuongeza utani wake kwamba kuna watu bado wamekumbatiwa na waume zao, wasubiriwe. Baada ya muda akina mama wanatokea kwenye vijia, kila mmoja na tenga lake kichwani, huyu mchicha, huyu figili, huyu ndizi mbichi, na wanashuka kwa mstari mmoja mpaka barabarani.

Hakuna aliyemchagua Chausiku kwa kazi hiyo. Haikuwahi kupigwa kura. Lakini kuna siku alishikwa na mafua, sauti ikamkauka, na wenzake wote wakakaa ndani na matenga yao tayari wakisubiri kuitwa, mpaka jua likatoka na mboga zikalegea. Walijicheka mwezi mzima.

Yeye mwenyewe ukimwita kiongozi anageuka nyuma kuangalia nani kaitwa. Alimaliza darasa la saba akataka kuendelea, ikashindikana, na hasimulii sana kwa nini. Kilichobaki ni kwamba anapenda mno kumtazama mtu anayejua kusimama mbele ya watu na kupanga maneno. Akishuka mjini akakuta mkutano, wowote ule, hata wa mtu anayetangaza dawa ya mende, anasimama na tenga lake tupu anasikiliza mpaka mwisho. Hamza, mumewe, anasema siku moja atarudi nyumbani na mende mfukoni ili aijaribu.

Hamza ni mtu wa Gairo. Alikuja Morogoro kuuza karanga, akaishia kuoa. Kwa Waluguru ardhi ni ya upande wa mama, inakwenda na lukolo, yaani ukoo wa mama, kwa hiyo Hamza amejenga kwenye shamba la mkewe, na kwenye mambo ya shamba hilo hana kauli. Amezoea. Hujiita mgeni wa kudumu.

Mwenye kauli ni Mjomba Abdulatif, kaka wa marehemu mama yake Chausiku. Ni mzee mwembamba wa kofia nyeupe na kikohozi kirefu, na ndiye mwangalizi wa ardhi yote ya ukoo, kuanzia kijito mpaka kwenye lile jiwe kubwa. Mtu akisikia hivyo anaweza kudhani mzee huyu anawaamulia watu maisha. Wapi. Mambo ya Kidunge yanaamuliwa na akina mama njiani, pale wanapotua matenga kupumzika. Wanabishana, wanataniana, mwishowe wanakubaliana. Kisha Chausiku anakwenda kwa mjomba jioni, anapiga goti kidogo, shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, anamweleza walivyokubaliana. Mjomba anakohoa, anatazama migomba, anasema, "Nimesikia." Kuanzia hapo linakuwa neno la mjomba, na watu wanalifuata kama vile limetoka kwake. Katika miaka yote hiyo mjomba hajawahi kukataa hata jambo moja. Lakini pia hakuna jambo lililowahi kwenda bila kupitia kwake. Hivyo ndivyo ilivyo, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kuieleza.

Shida ya akina mama wa Kidunge haikuwa mjomba. Ilikuwa jua la Bigwa. Wakifika barabarani hawana pa kuweka mboga. Wanazitandaza juu ya viroba pembeni mwa barabara, na wanunuzi wanakaa kivulini, kwenye maguta yao, zile baiskeli za kubebea mizigo, wakisubiri. Hawana haraka, jua linawafanyia kazi. Asubuhi inavyosogea mchicha unainama, na bei nayo inainama. Kuna mmoja anaitwa Frank, kijana mchangamfu ambaye ni vigumu kumchukia, ambaye kila siku humpitia Chausiku na kumwambia, "Mama Mosi, mboga zako zimechoka kuliko mimi." Chausiku hucheka. Halafu huuza kwa bei ya Frank, kwa sababu hakuna nyingine, na hakuna mtu anayepanda mlima tena na tenga lililojaa.

Basi siku moja, mvua za vuli zilipokuwa zinaanza, alipanda Kidunge binti mmoja mgeni aliyevaa raba na kubeba mkoba mgongoni. Aliitwa Catherine, afisa maendeleo ya jamii mpya, mzaliwa wa Njombe. Aliwakuta akina mama wamekusanyika kwa Rosa wakimenya ndizi za kipaimara cha mwanawe, akaamkia kila mtu mmoja mmoja, akachukua kisu naye akamenya. Hilo peke yake lilitosha kumfanya apendwe. Akiwa anamenya, akawaeleza kuwa serikali imetenga ruzuku ya kujenga uongozi na uwezo wa jamii, na vikundi vya milimani vinaweza kuomba. Ruzuku, alisisitiza, mkopo ni kitu kingine.

Maimuna akamuuliza kama uongozi unajengwa kwa tofali au kwa miti, maana Kidunge tofali hazipandi.

Catherine alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Akasema kwa vyote viwili. Viongozi wa kikundi watapelekwa mafunzo mjini, wajifunze kuendesha mikutano, kutunza hesabu, kujadiliana bei na wanunuzi wakubwa. Baadaye mwalimu atakuja kukaa nao msimu mzima. Na kikundi kitakachochaguliwa kitapewa vifaa vya kujenga kituo chake barabarani, banda lenye kivuli, maji na mizani, ambamo mboga zinaweza kukaa mpaka zipate bei.

Chausiku aliacha kumenya. Alikuwa ameshaliona lile banda, ameshaziona mboga zimekaa wima, na Frank amesimama mlangoni akingoja kuambiwa bei. Halafu akajiona yeye mwenyewe darasani mjini, akifundishwa kupanga maneno. Hakumwambia mtu. Rosa aliyekuwa karibu naye anasema alimsikia akivuta pumzi kama mtu aliyeingia maji ya baridi.

Masharti yalikuwa mawili. Kikundi kiongozwe na wanawake wenyewe, na kiwe na eneo la kujenga ambalo halina mgogoro. La kwanza akina mama walilipita kwa kuitikia kwa vichwa. Wanawake wenyewe, sasa nani tena? Wote waliokuwa pale na visu mikononi walikuwa wanawake. Lililowahangaisha ni la pili.

Jioni ile ile Chausiku akaenda kwa mjomba. Alimweleza yote, na alipofika kwenye eneo akasita, kwa sababu kipande pekee tambarare kilichogusa barabara ni kile ambacho watu wa mjini walishakuja kukitaka mara nyingi, na mjomba akawafukuza. Mzee alikohoa. Akatazama migomba kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasema, "Nimesikia. Kichukueni." Chausiku alikuwa bado hajainuka mjomba akaongeza kwamba siku wageni wa serikali watakapokuja, atakuja kusema mwenyewe. Jambo kubwa kama hilo haliwezi kusemwa na watoto.

Chausiku alirudi nyumbani anakimbia. Alipomsimulia Hamza, Hamza aliendelea kuosha miguu kwanza, akauliza kwa upole kama haingekuwa bora mzee akae nyumbani siku hiyo, wakaseme wenyewe. Chausiku alimtazama kama mtu aliyesema tumzike mjomba akiwa hai. Amtoe nani mjomba kwenye ardhi ya mjomba? Hamza akainua mikono, akasema yeye ni mgeni wa kudumu, amesahau.

Kwa hiyo wakajiandaa, na hapa ndipo walipokosea, ingawa ukiwaambia mpaka leo kuwa ni kosa watakuuliza wangefanyaje vingine. Maswali ambayo wageni wangeuliza Catherine aliwadokeza: kikundi kilianzaje, kinaamuaje mambo, kikipata kituo kitakiendeshaje. Njiani, kwenye kupumzika, akina mama waliyachambua maswali hayo kama mchele. Majibu mengi yalitoka kwa Chausiku, na yalikuwa majibu mazuri. Alikuwa na hadi mpango wa zamu, nani atakaa bandani siku gani, nani atazungumza na wenye hoteli za mjini ili wasimuuzie Frank peke yake. Halafu majibu hayo yote akayapeleka kwa mjomba. Kila jioni alikaa mkekani kwa mzee, akamfundisha. Mjomba alirudia, akasahau, akarudia. Kwenye wenye hoteli alikuwa akichanganya, anasema wenye gesti, na Chausiku alimsahihisha kwa adabu mpaka akashika. Alimwandaa mjomba wake vizuri kabisa. Mwenyewe hakujiandaa hata sentensi moja.

Wageni walikuja Jumamosi, wakapokelewa kwenye darasa la shule ya msingi. Walikuwa Catherine na bwana mmoja mtu mzima aitwaye Raphael, mtaratibu, mwenye miwani ya kusomea, ambaye ndiye angetoa mapendekezo. Akina mama walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Kiti pekee cha mikono kilichopo Kidunge, cha Rosa, kilikuwa kimebebwa kuvuka bonde na kuwekwa mbele, na juu yake akakaa Mjomba Abdulatif na kanzu iliyopigwa pasi.

Bwana Raphael aliuliza mwenyekiti wa kikundi ni nani. Mjomba akasimama. Alisema jina lake, jina la mama yake, jina la bibi yake aliyefungua msitu ule, na kwamba hawa wote anaowaona hapa ni watoto wake. Hakusema yeye ni mwenyekiti. Hakusema si mwenyekiti. Kwake swali lilikuwa hawa ni wa nani, na hilo alilijibu kwa ukamilifu.

Bwana Raphael akaandika.

Kikundi kilianzaje? Mjomba akasema vile vile alivyofundishwa, bila kusahau chochote. Mkikipata kituo mtakiendeshaje? Mjomba akaeleza mpango wa zamu, akaeleza mizani, akafika kwenye wenye hoteli, na darasa zima likabana pumzi. Akasema wenye hoteli. Maimuna alimfinya Chausiku paja kwa furaha. Chausiku hakuhisi. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza bila sauti, kama mwanafunzi anayefuatisha shairi wakati mwenzake analikariri mbele ya darasa. Alikuwa na fahari isiyo na mfano. Yale maneno yalikuwa yake, na yalikuwa yakitoka kwenye kinywa chenye heshima kuliko vyote Kidunge.

"Na mambo mnayaamuaje?" Bwana Raphael aliuliza.

"Wanakuja kwangu," akasema mjomba.

Catherine ndiye aliyeinua kichwa. Alimtazama Chausiku, akamwambia kwa sauti ya kumbembeleza, "Mama Mosi, tungependa kukusikia na wewe. Unasemaje?"

Darasa likageuka. Ile sauti inayofika ng'ambo ya bonde ilikuwa pale, kooni, na kila mtu alijua iko pale. Lakini mjomba alikuwa bado amesimama. Hajakaa. Na mtu akisimama kuwasemea ninyi, tena akasema vizuri hivyo, kufungua kinywa nyuma yake ni kuwaambia wageni kuwa kuna alichokosea. Chausiku alitabasamu, akainamisha kichwa.

"Mjomba ameshasema," akajibu.

Catherine hakuridhika. Akauliza tena, kwa namna nyingine, kama kuna chochote cha kuongeza, hata kidogo. Chausiku akafikiri labda binti wa watu hakusikia, akajibu kwa nguvu zaidi. "Alivyosema mjomba ndivyo."

Kwa watu wa Kidunge hakuna kauli kubwa kuliko hiyo. Ni sawa na kugonga muhuri. Akina mama wakaitikia kwa pamoja, ndivyo, ndivyo. Mjomba akakaa. Bwana Raphael akafunga kalamu yake, akawashukuru, akala ndizi na kuku, akashuka mlima.

Siku zile za kusubiri zilikuwa za raha. Njiani hawakuongea habari nyingine. Maimuna alikuwa ameshajigawia kona yake ya banda, ile yenye upepo, na Rosa akisema atatundika picha ya Bikira Maria, wakabishana kama itaruhusiwa, wakakubaliana ikae upande wa mizani ili watu waogope kuiba.

Catherine alipanda tena peke yake, bila kumenya ndizi safari hii. Alimkuta Chausiku shambani, akikata majani ya ndizi ya kufungia mboga. Akaamkia, akakaa juu ya kisiki, akasema Kidunge haimo. Alieleza taratibu, akitazama raba zake. Kamati ilisifu mpango. Ilisifu na eneo. Lakini ruzuku ni ya kujenga uongozi wa wanawake, na iliyoonekana siku ile ni kwamba kikundi kinaongozwa na mzee mmoja mwanamume, na wanawake hawana la kusema. Ndivyo ilivyoandikwa. Ruzuku imekwenda kwa kikundi kingine, upande wa pili wa mlima.

Chausiku alikuwa bado ameshika kisu. Akasema, lakini yale maneno yalikuwa yangu.

"Najua," Catherine akasema. "Nilihisi. Ndiyo maana nilikuuliza, mama. Nilikuuliza mara mbili."

"Na mimi nilikujibu mara mbili."

Kusema kweli hakuna mmoja kati yao aliyekuwa amesema uongo. Catherine alionekana anataka kulia, na Chausiku, ambaye ndiye aliyenyimwa, akajikuta anamkatia ndizi za kupeleka nyumbani.

Kesho yake, baada ya kuuza, Chausiku hakupanda mlima. Aliacha tenga kwa Frank, akaenda mjini kwenye ofisi, akakaa kwenye benchi mpaka Bwana Raphael akampokea. Hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akamsikiliza mpaka mwisho. Chausiku alimweleza kuhusu mjomba, kuhusu njiani wanapopumzika, kuhusu "nimesikia". Alieleza vizuri, alipanga maneno, na Bwana Raphael alikuwa akiitikia kwa kichwa. Kisha akasema kwa masikitiko kwamba laiti angeyasema haya darasani siku ile. Akaeleza vigezo ni vya nchi nzima, hakuvitunga yeye. Kamati inaandika ilichokiona, haiwezi kuandika ilichoambiwa baadaye, kwa sababu wote wangekuja kusema baadaye. Chausiku akauliza kuhusu mwakani. Bwana Raphael akasema mwakani hajui kama ruzuku hiyo itakuwepo.

Hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Hilo ndilo lililomchosha zaidi wakati anapanda mlima. Angepata hata mtu mmoja mwenye roho mbaya, angalau angempa maneno yake.

Akina mama walipoambiwa, walitua matenga ingawa hawajafika pa kupumzikia. Maimuna alikosa utani. Walijaribu kutafuta njia. Mmoja akasema waandike barua, mwingine akasema waende wote wakakae pale ofisini mpaka wasikilizwe. Rosa ndiye aliyekuja na wazo lililoonekana la maana: wamchukue mjomba, wampeleke mjini, akaseme kwa kinywa chake kuwa kiongozi si yeye, ni Chausiku.

Walifurahi kwa muda mfupi. Kisha Maimuna akauliza, "Yaani mjomba akatusemee tena kwamba huwa hatusemewi?"

Walicheka, kicheko kile kinachoisha ghafla. Wakajitwika matenga.

Lililobaki ni kumwambia mjomba, na hilo wote waliona ni la Chausiku. Siku zikapita. Kila jioni alisema kesho. Mzee alikuwa na furaha ambayo hawajaiona kwake miaka mingi. Msikitini Bigwa aliwasimulia wenzake jinsi alivyowajibu wageni wa serikali swali kwa swali, mpaka yule bwana akabaki kuandika tu. Vijana wa siku hizi, alisema, wanauza viwanja bila hata kuwaaga wajomba zao, mtu anakuta tu ukuta umejengwa. Lakini wa kwake wamemweka mbele kwenye kiti cha mikono. Hamza alimwambia mkewe kuwa kimya kinavyozidi ndivyo itakavyouma, na Chausiku alijua ni kweli, naye Hamza alijua kuwa kujua hakusaidii.

Asubuhi moja, wakishuka, wakaona kile kipande cha barabarani kimefyekwa. Majani yamerundikwa pembeni. Mjomba Abdulatif alikuwa katikati, kanzu imekunjwa mpaka kiunoni, anachimba shimo kwa sululu huku anakohoa. Pembeni kulikuwa na nguzo za mti mgumu alizokata kwenye shamba lake mwenyewe na kuzishusha, Mungu ajua vipi, moja moja.

Chausiku akawaambia wenzake watangulie. Akatua tenga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nimeona serikali ina mambo mengi, tusiwasubiri kwa kila kitu. Wakija na mabati wakute nguzo zimesimama."

Chausiku alisogea karibu na shimo. Alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha na yalikuwa maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho, yasiyomlaumu mtu. Alianza kwa kusema kwamba yule binti Catherine alikuja. Mjomba akaacha kuchimba. Akajipangusa uso kwa kofia, na bila kofia alionekana mzee sana, kichwa kidogo, nywele nyeupe chache.

"Yule binti alikutazama sana siku ile," alisema. "Nimekuwa nikifikiria. Akakuuliza, akakuuliza tena. Kuna mahali nilikosea?"

Lilikuwa swali la kweli. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia, tayari kuambiwa. Ndipo mlango ulipofunguka wazi kabisa, na Chausiku aliuona umefunguka. Kama angesema neno moja tu, ndiyo, yote yangetoka. Lakini akitafuta kosa halioni. Kila alichosema mjomba yeye ndiye aliyemfundisha. Kila neno lilikuwa mahali pake.

"Hukukosea, mjomba," akasema. "Ulisema yote."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, uso ukalegea kwa nafuu. Akavaa kofia. Akamwambia, basi kama umekuja, njoo unisaidie, kazi hii inataka watu wawili. Chausiku alitazama barabarani. Wenzake walikuwa wameshatandaza mboga juani, na Frank alikuwa akishuka kwenye guta lake bila haraka. Akafunga kanga vizuri kiunoni, akainua nguzo, wakaitumbukiza shimoni. Mjomba akaanza kushindilia udongo kwa mguu, kuizunguka, anakohoa, anashindilia.

"Ishike wima," akasema. "Usiiachie mpaka nikuambie."

Akaishika.